Mavi ya Chuma na Daftari la Darasa la Tatu

Ndugu wasomaji, nimekuwa kimya kidogo. Nilipanda basi kwenda Sumbawanga kumwona mama, na kama unaujua mwezi wa saba wa Ufipa huna haja ya kuniuliza kwa nini sikuandika. Baridi ya kule haina mchezo. Ukishakaa jikoni karibu na moto, hutoki.

Habari ya leo niliipata hapo hapo jikoni. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko darasa la tatu. Shule zilikuwa zimefunguliwa kwa muhula wa pili na jioni ile alikuja na kazi ya nyumbani ya somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu aliwaambia wamuulize mzee: zamani watu wa hapa walitengeneza vitu gani? Mtoto akakaa kwenye kigoda, daftari juu ya magoti, akamgeukia bibi yake.

"Bibi, zamani mlikuwa mnatengeneza nini?"

Mama alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua hata macho. "Mjukuu wangu, sisi tulikuwa tunalima tu. Andika kilimo."

Mtoto akaandika: KILIMO. Akafunga daftari. Kazi imeisha.

Mimi macho yangu yakaenda mlangoni. Mlango wa jiko la mama unazuiwa usibamizwe na upepo kwa jiwe moja jeusi, lina matundu matundu, zito kuliko unavyolitegemea ukilitazama. Nimezaliwa nimelikuta. Nikamuuliza, "Mama, na lile pale?"

"Lile si jiwe," akasema. "Lile ni mavi ya chuma. Babu yangu alikuwa anayeyusha chuma."

Mtoto kusikia "mavi" akacheka mpaka penseli ikamdondoka. Nilipomaliza kucheka na mimi, nikamuuliza mama kwa nini basi amemwambia mtoto kwamba walilima tu. Mama akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

"Sikujua kama na hiyo ni ya shule."

Ndugu zangu, nimelala na sentensi hiyo siku kadhaa. Mama yangu si mtu asiyesoma. Alimaliza darasa la saba, anasoma gazeti, anapiga hesabu za gunia za mahindi kichwani kuliko mimi na simu yangu. Ilikuwaje akamaliza shule akijua kwamba mambo ya babu yake si ya shule? Nikaanza kurudi nyuma, kizazi kwa kizazi, nikiuliza mtoto mdogo wa Ufipa alifundishwa nini.

Tuanze na shule za mwanzo. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walikabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1879 na chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wanafunzi wao wa kwanza wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Kutoka ziwani wamisionari wakapanda hadi kwenye uwanda wa Ufipa. Mtoto alijifunza kusoma ili asome katekisimu. Hilo halikuwa jambo dogo, na sitaki kuwabeza. Daktari mashuhuri wa Karema, Adrian Atiman, alikuwa Mwafrika aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1956. Kwa mtu kama yule, shule ilikuwa mlango wa maisha.

Lakini sikilizeni hili. Wakati watoto wanakariri katekisimu, matanuru ya chuma bado yalikuwa yanawaka Ufipa. Na wamisionari waliyaona! Padre mmoja, Wyckaert, aliandika makala mwaka 1914 katika jarida la Anthropos, kwa Kifaransa, kuhusu wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo wa eneo hilo. Mwingereza mmoja, Greig, akaandika juu ya uyeyushaji wa chuma wa Wafipa mwaka 1937 katika Tanganyika Notes and Records. Baadaye wakaja wataalamu wengine, akiwemo Roy Willis aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960. Kwa hiyo si kweli kwamba mambo haya hayakuandikwa. Yameandikwa sana, ila kwa Kifaransa na Kiingereza, kwa ajili ya watu wa maktaba za mbali. Mtoto wa mhunzi alikuwa darasani anasoma kitu kingine.

Wahunzi wenyewe je? Tanuru lao liliitwa ilungu, yakiwa mengi malungu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu na kusimama kiasi cha mita tatu, yaani mtu mzima akisimama pembeni anaonekana mtoto. Chini kulikuwa na matundu kuzunguka, yakaingizwa mabomba ya udongo. Humo ndani wakapanga mkaa na mawe ya chuma. Halafu hapakuwa na mtu wa kuvukuta! Urefu wa tanuru ulitosha kuvuta hewa wenyewe, kama bomba la moshi linavyovuta, na moto ukaendelea kwa siku kadhaa. Chuma kilichotoka hapo kilikuwa bado kichafu. Kikapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Baada ya hapo ndipo mhunzi alipofua jembe.

Na walikuwa na maadili yao pia. Tanuru jipya lilipambwa kama bibi harusi, na wayeyushaji walijizuia wasilale na wake zao mpaka kazi iishe. Ukipenda utaita ushirikina. Mimi naona ni watu waliojua kwamba kazi ya siku nyingi ikiharibika, jasho la kijiji kizima limepotea, kwa hiyo hakuna mzaha.

Jembe hilo lilienda wapi? Kwenye ntumba. Uwanda wa Ufipa ni majani, miti ni michache, kwa hiyo Mfipa hakuweza kukata msitu na kuuchoma apate majivu kama majirani zake wa upande wa Zambia. Akafanya hivi: mvua ikiwa bado ipo, anapindua udongo pamoja na majani yake, anafanya vituta vya mviringo, majani yanaozea ndani. Anaweza kupanda maharage juu yake. Msimu unaofuata anavitawanya na kupanda ulezi. Ni mboji hiyo, ndugu zangu! Ile tunayofundishwa leo kwenye semina, na posho juu.

Kwa hiyo bila chuma hakuna jembe, na bila jembe hakuna ntumba. Ukilitazama vizuri, jibu la mama la "kilimo" halikuwa kosa. Lilikuwa nusu ya jibu.

Turudi shuleni. Mama alianza darasa la kwanza mwaka 1968. Mwaka mmoja kabla, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika, siyo maandalizi tu ya kwenda sekondari, na shule iwe na shamba. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi nchi nzima. Mama anasema walijifunza kuhesabu kwa vijiti, wakaimba, wakalima shamba la shule. Nikamuuliza walilima namna gani. Akasema kwa mistari iliyonyooka, kwa kamba, kama mwalimu alivyotaka. Ntumba waliziacha nyumbani kwa wazazi. Na jembe lilitoka dukani, kwa sababu malungu yalikuwa yamezimika tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani yalipojaa kwa bei ndogo.

Kifipa je? Aliyeteleza akakisema darasani alivalishwa kibao shingoni. Mama anasimulia akicheka, lakini anakumbuka kibao kile kilikuwa cha mti gani. Wakati huo huo anasema Kiswahili ndicho kilichomfanya aelewane na mwalimu wake aliyetoka Tanga, na mume wake, baba yangu, ambaye si Mfipa. Mimi nisingezaliwa bila Kiswahili, kwa hiyo sitakitukana. Nasema tu kwamba mtoto aliyevalishwa kibao alijifunza somo jingine ambalo halikuwa kwenye ratiba: kuna mambo ya nyumbani na kuna mambo ya shule, usiyachanganye.

Likaja Azimio la Musoma mwaka 1974, elimu ya msingi kwa wote, UPE. Watoto wakajaa madarasani, walimu hawakutosha, waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo wakiwa kazini na kuingia darasani kufundisha. Wananchi kwa utani wakasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Ulikuwa utani mkali, lakini wengi wetu wazazi wetu walijua kusoma kwa sababu ya walimu wale wale.

Kizazi changu ni cha MMEM. Ada ilikuwa imefutwa mwaka 2001, mpango wenyewe ukaanza 2002. Mimi nilianza darasa la kwanza 2004, tumebanana dawati moja watoto wanne, wengine chini. Historia niliipenda sana. Nilijua Olduvai, Isimila, Engaruka, mkutano wa Berlin 1884, Majimaji, TANU 1954. Zama za Mawe na Zama za Chuma nilizichora kwenye daftari, nikapata vema kubwa ya wino mwekundu. Nikarudi nyumbani, nikapita mlangoni kwa mama, nikaliruka lile jiwe jeusi. Kila siku. Zama za Chuma zilikuwa zimekaa pale zinazuia mlango!

Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa, mkazo ukawa KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Nakubaliana nao. Mtoto asiyejua kusoma utamfundisha nini? Lakini katika mabadiliko ya miaka hiyo hiyo, jina la somo la Historia likapotea shule ya msingi, likaingizwa ndani ya Maarifa ya Jamii pamoja na jiografia. Rais Magufuli, kabla hajafariki Machi 2021, aliagiza historia ya Tanzania ifundishwe kama somo. Mtaala mpya ukapitishwa 2023 na kuanza Januari 2024, na humo ndimo likaja hili somo la mpwa wangu. Linaanza darasa la tatu, na linafundishwa kwa Kiswahili.

Mwaka huo huo wa 2023 kulitokea jambo ambalo kule nyumbani wachache walilisikia. Septemba wanasayansi walitangaza katika jarida la Nature kwamba kwenye Mto Kalambo, juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kukalishwa moja juu ya jingine. Umri wake ni miaka 476,000 hivi. Ni ujenzi wa mbao wa zamani kuliko wote uliopata kujulikana duniani. Kalambo ndugu zangu! Maporomoko ambayo mkoa wetu unayatumia kutangaza utalii, wilaya nzima imebeba jina lake. Mtoto wa Matai anaweza kulijua fuvu la Olduvai, halafu asijue kwamba ng'ambo ya mto wao kuna watu walichonga mbao kabla binadamu wa aina yetu hajakuwepo.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Somo jipya lipo, na swali la yule mwalimu lilikuwa swali zuri. Hakuna mtaala wa Dar es Salaam au Dodoma utakaoandika habari za kila kijiji, na wala hatupaswi kuusubiri. Kilichokwama jikoni kwa mama ni mzee mwenyewe. Ameshafundishwa miaka mingi kwamba anachokijua si cha shule, kwa hiyo mtoto akimuuliza, anamjibu kwa adabu kile anachodhani mwalimu anataka kusikia. Na wazee wa umri wa mama ndio wa mwisho waliowaona kwa macho watu waliowasha malungu. Wakiondoka, yatabaki makala ya Kifaransa ya 1914.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, uliyeko Dar, Arusha au Mwanza, una mpwa au mdogo wako kijijini. Mpigie bibi simu. Usimuulize "historia", atakwambia hajui. Muulize jembe lilitoka wapi. Muulize kile kitu kinachozuia mlango ni nini.

Jioni ile mtoto alichukua kifutio afute KILIMO. Mama akamshika mkono. "Usifute. Ongeza." Akaanza kumweleza, Kiswahili kikipungua anaingiza Kifipa, na mtoto anaandika ulimi ukiwa nje. Mwisho daftari likasomeka: Walilima kwa majembe waliyotengeneza wenyewe.

Asubuhi lile jiwe liliingia kwenye mkoba, kwenda kumwonyesha mwalimu. Nilirudi Dar wiki hiyo hiyo. Juzi mama amenipigia simu analalamika: jiwe bado liko shuleni, mwalimu ameliweka mezani madarasa mengine walione, na mlango wa jiko unabamizwa na upepo usiku kucha.

Nimemwambia atafute tofali.