Hass Zote Zina Mama Mmoja

Wasee, tuanzie kibandani. Githeri iko kwa sahani na mama mboga amekukatia nusu parachichi. Ikiwa ni Hass, ile inayogeuka nyeusi ikiiva, jua unakula tunda la mti mmoja uliomea California karibu miaka 100 iliyopita. Sio utani.

Mwaka 1926, mpeleka barua mmoja aitwaye Rudolph Hass alipanda mbegu za parachichi kwa shamba lake dogo kule La Habra Heights. Mpango wake ulikuwa kupandikiza vijiti vya Fuerte, aina iliyotawala soko wakati huo, juu ya miche yake. Mche mmoja ukakataa. Ikajaribiwa tena, ukakataa tena. Hass akataka kuung'oa, lakini akashauriwa auache tu. Ulipozaa, watoto wake wakasema tunda hilo ni tamu kuliko Fuerte. Mwaka 1935 akapewa hataza, yaani haki ya kisheria juu ya aina hiyo mpya.

Sasa, mbona mche mmoja ukawa tofauti hivyo? Kwa sababu mbegu ya parachichi haimfuati mama. Panda mbegu kumi za mti mmoja, utapata miti kumi tofauti: huu tunda refu, ule mviringo, huu ngozi laini, ule ngozi ngumu. Ni kama nyinyi kwenu. Wazazi ni walewale lakini hamfanani. Kupandikiza ni kinyume chake. Unachukua kijiti cha mti unaoupenda, unakifunga juu ya mche mwingine, na matunda yanatoka yaleyale. Ndiyo maana kila Hass, hata ya Murang'a, ni nakala ya ule mti mmoja.

Shida ni kwamba nakala hufanana hadi kwa udhaifu. Muulize Gros Michel, ndizi iliyotawala soko la dunia hadi miaka ya 1950. Ilikuwa nakala tupu, basi ugonjwa wa Panama ulipoingia kwa udongo, mashamba makubwa ya Amerika ya Kati yakaisha. Fuerte nayo ilipataje jina? Ni Kihispania, maana yake "yenye nguvu". Baridi kali ilipiga California mwaka 1913, aina nyingi zikafa, hii ikabaki. Kama wakulima wangepanda aina moja tu, tena isiyofaa, nini kingebaki?

Hata ule mti mama wa Hass ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi.

Huku kwetu watu wanakata parachichi za kienyeji wapande Hass. Siwalaumu, Hass inalipa karo. Lakini hiyo Hass yenyewe mara nyingi inapandikizwa juu ya mche wa mbegu ya kienyeji. Juu ni California, chini ni ushago.

Kwa hivyo ukienda kwa shosho, na ule mti wake usio na jina bado uko nyuma ya jiko, mwambie asiukate. Pandeni Hass, lakini huo muuache. Hata Hass ilikuwa mti bila jina, karibu kung'olewa, mpaka watoto walipoonja.

Kwenu bado mnao? Niambie hapo chini tunda lake likoje.