Kutoka mkandarasi hadi mwenye geti

Msikilizaji, mzigo wa nguo ambao wazazi wetu hununua Zhanxi ukishuka Mombasa, mara nyingi hupanda SGR. Reli hiyo ilijengwa na CRBC, kampuni iliyoanzishwa 1979 kutokana na idara ya China ya misaada ya nje.

Enzi za TAZARA, 1970–1975, China ilijenga kwa mkopo usio na riba. SGR, iliyofunguliwa 2017, ikaja na mikopo ya Exim Bank ya China. Kenya ilipolemewa na madeni, CRBC ikabadili mbinu: Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, fedha ilizitafuta yenyewe, na kampuni yake tanzu inakusanya ada kwa miaka 27.

Basi gharama haijatoweka. Imehama tu, kutoka hazina hadi mfukoni mwa dereva.