Taji la jino na muda wake wa kudumu

Taji la jino, ambalo wagonjwa wengi huliita kofia ya jino, ni gamba gumu linalofunika sehemu yote ya jino iliyo juu ya fizi. Hutengenezwa kwa dhahabu, kwa metali nyingine, kwa kauri, au kwa metali iliyovikwa kauri, kisha hugandishwa kwa saruji maalumu juu ya jino lililochongwa. Taji lililowekwa vizuri kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 15. Mengi hupita 20, na yapo ya dhahabu yaliyokutwa yakitafuna bila taabu baada ya miaka 40. Mengine huchomoka au kuvunjika kabla ya mwaka kwisha. Tofauti hiyo haitokani sana na gamba lenyewe. Chanzo chake kikubwa ni jino lililo chini yake.

Kazi ya taji

Daktari wa meno huvisha jino taji pale ambapo kuziba hakutoshi tena: jino limeoza likabaki kuta nyembamba, limevunjika pembe, limesagika, au limetolewa kiini na kuzibwa mizizi. Kundi hili la mwisho ndilo lenye haja kubwa zaidi, hasa kwa magego. Jino lililotibiwa mzizi limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake, na nguvu ya kutafuna hulipasua kutoka juu kwenda chini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 na Aquilino na Caplan ulionyesha kuwa meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvishwa taji yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyovishwa. Mgonjwa anayelipia matibabu ya mzizi kisha akaahirisha taji kwa sababu maumivu yameisha anaiweka kazi yote katika hatari.

Ili taji liingie, jino huchongwa milimita 1 hadi 2 pande zote, kutegemea aina ya kauri au metali. Chapa ya jino huchukuliwa, kwa ute unaoganda au kwa kamera, na fundi sanifu wa maabara hutengeneza taji kwa kufuata chapa hiyo. Kwa siku anazosubiri, mgonjwa hukaa na taji la muda la plastiki. Uchongaji huu hauna kurudi nyuma: enameli iliyoondolewa haioti tena, na jino lililovishwa taji leo litahitaji taji jingine siku hili litakapochakaa. Kwa hiyo swali la muda wa kudumu ni zito zaidi kwa kijana wa miaka 20 kuliko kwa mzee wa miaka 65.

Mahali taji linaposhindwa

Taji haliozi. Kinachooza ni jino, na huanzia kwenye ukingo, mstari mwembamba ambapo gamba linakutana na mwili wa jino karibu na fizi. Ukoga ukijikusanya hapo, bakteria hutoa asidi, saruji hulegea taratibu, na uozo huingia chini ya gamba mahali ambapo jicho halifiki. Taji huweza kung'aa huku ndani jino limegeuka unga, kama bati jipya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa. Jino lililotolewa kiini halina hisia ya kumwonya mwenyewe, kwa hiyo uozo wake huonekana kwenye picha ya eksirei au siku taji linapotoka na kipande cha jino ndani yake. Ukingo uliokaa vibaya, wenye ngazi inayoweza kuhisiwa kwa ncha ya chombo, hufupisha maisha ya taji kuliko kasoro nyingine yoyote ya ufundi.

Sababu ya pili ni uchache wa jino lililobaki. Taji linahitaji kushika ukanda wa jino zima wa milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka pande zote juu ya fizi. Ukanda huo ndio unaolizuia lisiyumbe na mzizi usipasuke. Jino likiwa limevunjika hadi usawa wa fizi, daktari anaweza kupandisha nguzo ndani ya mzizi na kujengea juu yake, lakini bila ukanda huo nguzo yenyewe huweza kuwa kabari inayoupasua mzizi. Mzizi uliopasuka kwa urefu karibu kila mara huishia kung'olewa. Hapa ushauri wa kung'oa na kufikiria daraja au kipandikizi mapema ni wa uaminifu kuliko taji linalowekwa kwa matumaini.

Nyingine ni kumeguka kwa kauri, kufa kwa kiini cha jino lililokuwa hai wakati wa kuchongwa, ugonjwa wa fizi unaokula mfupa, na kuchomoka kwa taji kwa sababu jino ni fupi au limechongwa likawa la mchongoko mno. Watu wanaosaga meno usingizini huyatia mataji mzigo mkubwa kuliko chakula chochote. Hao huhitaji kinga ya plastiki ya kuvaa usiku.

Aina za mataji

Dhahabu ndiyo yenye rekodi ndefu zaidi. Tangu mwaka 1907, William Taggart wa Chicago alipotangaza njia ya kusubu dhahabu kwa nta inayoyeyushwa, mataji na viziba vya dhahabu vilianza kukaa kwenye jino kwa usahihi mkubwa. Dhahabu haimeguki, inahitaji uchongaji mdogo, na haili jino linalokutana nayo. Kinachowakimbiza wengi ni rangi na bei. Kauri tupu ilianza na Charles Land wa Detroit katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Ilipendeza lakini ilipasuka kirahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipatikana njia ya kuaminika ya kuichomea kauri juu ya metali, na kwa miongo kadhaa aina hiyo ikatawala kliniki duniani. Hasara yake ni mstari wa kijivu unaojitokeza fizi zikishuka. Baadaye ilikuja kauri ya disilikati ya lithiamu, yenye mwangaza unaokaribia wa jino la asili, na zirkonia, iliyo ngumu zaidi na inayofaa magego.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 na Irena Sailer na wenzake yalikadiria kuwa baada ya miaka 5 mataji ya metali na kauri yaliyobaki mdomoni yalikuwa asilimia 94.7, ya kauri ya disilikati ya lithiamu na jamii yake asilimia 96.6, ya zirkonia asilimia 92.1, na ya kauri dhaifu ya zamani asilimia 90.7. Zirkonia ya wakati huo mara nyingi ilifunikwa kauri laini, na ni kauri hiyo iliyokuwa ikimeguka.

Tarakimu hizo hutoka zaidi katika vyuo na kliniki za mabingwa. Kwa mgonjwa wa kawaida picha ya kweli inapatikana katika rekodi za huduma ya umma ya meno ya Uingereza na Wales, zilizochambuliwa na Burke na Lucarotti mwaka 2009. Humo walihesabu mataji yaliyopita miaka 10 bila jino kuhitaji kuguswa tena kwa matibabu yoyote: asilimia 68 ya metali tupu, 62 ya metali na kauri, na 48 ya kauri tupu. Kipimo ni kikali zaidi, maana hata kugandisha upya kulihesabiwa, lakini ndicho kinachofanana na maisha ya mtu anayetoa fedha yake.

Afrika Mashariki

Katika pwani ya Afrika Mashariki jino la dhahabu limevaliwa pia kama pambo. Likiwekwa juu ya jino zima kwa ajili ya urembo tu, hasara ni ya jino: gamba lililobandikwa bila kupimwa huacha upenyo ukingoni, na fizi huvimba.

Hoja nyingine ni ya meno yenye madoa ya kahawia katika maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa, ambako maji yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Vijana huomba mataji ya mbele ili kuficha rangi. Kiini cha jino la kijana bado ni kikubwa, na kuchonga karibu nacho huweza kukiua. Kupaka dawa ya kung'arisha, kusugua tabaka la juu au kubandika gamba jembamba la mbele ni hatua za kutangulia.

Kwa watoto hutumika taji la chuma kisichoshika kutu, lililoingizwa katika tiba ya meno ya watoto mwaka 1950. Daktari Norna Hall wa Uskoti alilitumia bila sindano wala kuchonga: taji hubanwa juu ya gego la utoto lililooza, na uozo hunyimwa chakula. Hilo hukaa hadi gego ling'oke lenyewe, mara nyingi kati ya miaka 9 na 12.

Utunzaji

Mswaki, wa mti au wa dukani, upite kwenye mstari wa fizi mara 2 kwa siku pamoja na dawa yenye floridi, na uzi wa meno upitishwe kati ya taji na jirani yake. Kufungua soda kwa meno, kutafuna barafu na kuvunja mifupa humegua kauri. Taji likichomoka, lihifadhi, usilirudishe kwa gundi ya dukani, na ufike kliniki ndani ya siku chache: jino lililo wazi husogea, na taji lililolingana nalo wiki iliyopita linaweza kugoma kuingia.