Jinsi DNA ilivyowatenganisha minyoo wawili wa viazi

Minyoo vifuko wa viazi asili yao ni milima ya Andes. Mwaka 1923 mtafiti Wollenweber aliwatambua kuwa spishi ya pekee na kuwapa jina linalotokana na mji wa Rostock, Ujerumani. Kwa miaka hamsini iliyofuata wote walihesabiwa kuwa spishi moja.

Hesabu hiyo iliwaumiza wakulima wa Uingereza. Mwaka 1952 mtafiti Ellenby alionyesha kwamba baadhi ya viazi vya Andes huwakinza minyoo hao. Jeni ya ukinzani, H1, ikaingizwa katika mbegu ya viazi iitwayo Maris Piper, iliyotolewa 1966 na kupendwa sana. Kumbe H1 huzuia kundi moja tu. Kundi la pili likaachiwa shamba, likaongezeka msimu hadi msimu. Mwaka 1973 Stone, wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, alilitenga kuwa spishi mpya, ambayo leo huitwa Globodera pallida. La kwanza ni Globodera rostochiensis.

Kuwatofautisha kwa macho ni kazi ngumu. Jike la rostochiensis hugeuka rangi ya dhahabu kabla ya kufa na kuwa kifuko cha kahawia kilichojaa mayai. La pallida hubaki jeupe hadi linapokufa. Lakini udongo unaopelekwa maabara huwa na vifuko vikavu, vyote kahawia, na vipimo vya hadubini vya spishi hizi mbili huingiliana. Kulinganisha protini kulisaidia kiasi.

Ufumbuzi ulio rahisi ulitoka New Zealand mwaka 1997, watafiti Bulman na Marshall walipobuni kipimo kimoja cha PCR, mbinu ya kuzidisha DNA, kwa spishi zote mbili. Vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa maabara hunasa sehemu iliyo katikati ya jeni za ribosomu, nayo PCR huizidisha: rostochiensis hutoa kipande cha herufi 434, pallida cha 265. Urefu huo husomeka waziwazi kwenye jeli.

Nchini Kenya, rostochiensis iliripotiwa mwaka 2015 katika mashamba ya Nyandarua, na usomaji wa DNA ukathibitisha. Miaka michache baadaye pallida nayo ikapatikana, habari nzito kwa nchi yenye wakulima wengi wa viazi, kwani mbegu yenye H1 pekee haitawakinga.

PCR hiyo hutaja spishi tu. Ndani ya kila spishi mna makundi yanayotofautiana kwa mbegu yanazoweza kuzishambulia, na hayo bado hupimwa kwa kuotesha viazi mbalimbali kwenye vyungu vyenye udongo wenye minyoo, kisha kuhesabu vifuko vipya mizizini.