Upana wa Boriti

Makala yangu ya kwanza kuhusu Lamu ilikuwa na kosa ambalo hakuna mhariri aliyeligundua. Niliandika kwamba vyumba vya nyumba za kale za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu watu wa zamani walipenda faragha. Ilisikika vizuri. Fundi mmoja wa Shela akaisoma, akacheka, akaniambia, "Mwanangu, pima boriti."

Nikapima. Boriti ni mti wa mkoko, na ukizidi mita tatu hivi haubebi mzigo bila kupinda. Na mzigo wenyewe si mchezo: matumbawe juu yake, kisha chokaa na kokoto. Basi urefu wa chumba aliamua mwenye nyumba, lakini upana uliamuliwa na mkoko. Faragha ilitafutwa kwingine: daka mlangoni kwa wageni, kuta zisizo na madirisha upande wa njia, kiwanda katikati, na vyumba vikifuatana hadi ndani kabisa, kwenye zidaka. Binti wa waungwana akiolewa, alipewa nyumba au ghorofa juu ya ile ya wazazi, na mara nyingine wikio lilivushwa juu ya kichochoro ili asishuke njiani kwenda kwa mamake.

Sasa nenda Shela, mwendo wa kilomita tatu hivi kutoka mjini. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa 1967, na miongo iliyofuata wageni wakaanza kununua magofu na kuyafufua. Sitawasema vibaya, bila pesa zao, baadhi ya kuta zile zingekuwa vifusi. Lakini mji wa kale wa Lamu ndio ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, Shela haimo, na huko ujenzi umeshika kasi. Zege na nondo havijali urefu wa mkoko. Sebule ni pana, dari iko juu, kidimbwi cha kuogelea kiko pale kiwanda kilipokuwa. Katika nyumba moja niliona boriti zimepangwa vizuri chini ya slabu. Hazikubeba chochote. Ni pambo.

Nililala humo siku mbili, na kusema kweli nililala vizuri mno. Asubuhi nikapanda juu kwenye paa la makuti kunywa chai, upepo wa bahari safi kabisa. Nikatazama chini. Mama mmoja alikuwa kiwandani kwake, kichwa wazi, anachagua mchele. Akainua macho, akachukua leso, akaingia ndani.

Ghorofa moja tu ya ziada, na ukuta wa jirani umekuwa kama haupo. Maji nayo yana hesabu yake: Lamu hunywa maji yanayohifadhiwa chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, yaleyale ambayo viwanja vinayasogelea.

Nilimrudia yule fundi. Mchana huchonga zidaka za plasta kwenye nyumba za watu. Yake ni ya matofali ya saruji na mabati, joto ajabu. Kwa mazoea nikafungua futi yangu: chumba kilikuwa mita mbili na nusu. Nikamuuliza mbona hakupanua, na boriti hana.

"Si ndiyo saizi ya chumba?" akasema.