Shibe na Lishe katika Nyanda za Juu za Kusini

Nyama ina fahari kubwa katika fikira za watu. Mwenye zizi husemwa kuwa anakula. Asiye na zizi husemwa kuwa anashindia majani. Maneno haya ya dharau yamerithiwa na vizazi vingi, walakini historia ya Iringa na Mbeya haiyathibitishi. Katika nchi hizo za milima, baridi na mvua, watu waliwahi kupokonywa mifugo yao kwa muda mfupi, wakabaki na mimea, nao wakaishi. Kwa hivyo, kama mwanadamu aweza kushiba pasipo nyama ni swali lililojibiwa zamani. Lililobaki ni kujua shibe ipi humlisha mtu, na shibe ipi humhadaa.

Kabla ya mwaka 1890, ng'ombe walikuwa ndio hazina ya nchi. Uhehe uliunganishwa na Munyigumba, ukakuzwa na mwanawe Mkwawa, na nyara za ng'ombe zilikuwa sehemu ya nguvu ya utawala huo. Kwa ng'ombe mtawala alituza mashujaa, na kwa ng'ombe mzazi alimwoza mwanawe. Upande wa Rungwe, Wanyakyusa walilipa mahari kwa ng'ombe na kuwachinja katika matanga. Hata hivyo, mgeni Mskoti Joseph Thomson alipopita katika nchi hiyo mwaka 1879, alivutiwa pia na migomba iliyozunguka makazi ya watu. Alichokiona kilikuwa ukweli wa kila siku. Nyama ilikuwa chakula cha tukio: ndoa, msiba, tambiko, ushindi. Chungu cha siku za kawaida kilitegemea jembe. Humo mlikuwa na ugali wa ulezi au wa mtama, kunde, maboga na majani yake; na huko Rungwe, ndizi na maharage. Maziwa yaliongezwa na wale waliojaliwa kuwa nayo.

Lugha yenyewe ni shahidi wa mpango huo. Katika Kiswahili cha bara, neno mboga halina maana ya majani tu. Ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali. Mtu akiulizwa, "Mboga leo nini?" aweza kujibu nyama, maharage au mnafu, na asikosee. Nyama ilipata jina lake la jikoni kutoka kwa majani, maana majani yalitangulia kuwapo kila siku.

Ndipo ikaja sotoka. Maradhi haya ya ng'ombe yalizuka katika pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, yakafika nchi ambayo sasa ni Tanzania mnamo mwaka 1890 na 1891, na mwaka 1896 yakavuka mto Zambezi. Kila yalikopita yaliangamiza sehemu kubwa kabisa ya makundi, na nyati wa porini hawakusalimika. Juu ya msiba huo ukaja wa pili. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwashinda Wajerumani huko Lugalo. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilianguka. Na tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijiua ili asikamatwe. Katika miaka ya kumwinda Mkwawa, askari walitwaa ng'ombe na nafaka pamoja. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilileta moto mwingine juu ya mashamba, hasa Ubena na Ungoni.

Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza jinsi misiba ya aina hiyo ilivyovunja uwezo wa watu wa kuyatawala mazingira yao, vichaka na mbung'o vikarudi mahali palipokuwa malisho. Maelezo hayo yanafundisha jambo moja zaidi. Zizi lilipokwisha, shamba lililosalimika lililisha. Shamba lilipochomwa, hapakubaki kitu cha kulisha. Aliyepoteza ng'ombe alipoteza utajiri, maziwa na samadi. Aliyepoteza mbegu alikaribia kupoteza uhai. Kwa hivyo, mlo wa mimea haukubuniwa na sotoka. Sotoka iliondoa pambo, ikaacha nguzo ionekane.

Walakini nguzo hiyo nayo ilibadilika. Mahindi, ambayo asili yake ni Marekani ya kale, yaliendelea kuziteka nyanda hizi katika karne ya 20. Sababu zake zilikuwa za kweli. Gunzi la mahindi limefunikwa, na ndege hawalishambulii kwa wepesi kama wanavyoshambulia mtama. Tena, wafanyakazi walipokusanyika katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, na mji wa Mbeya ulipoanzishwa mwaka 1927, kulihitajika posho iliyo rahisi kununuliwa, kuchukuliwa na kupimwa. Katika miaka ya 1970 zikaja mbegu bora, mbolea ya chumvichumvi na bei moja kwa nchi nzima. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa mikoa mikuu minne ya mahindi, ghala la taifa.

Hapo ndipo penye fumbo. Ghala lilijaa, na watoto wakadumaa. Mwaka 1983 Serikali, pamoja na UNICEF na WHO, ilianza mpango mkubwa wa lishe katika mkoa wa Iringa. Watoto walipimwa uzito vijijini, na wanakijiji wenyewe walitafuta sababu za udhaifu wao na kukata shauri la kufanya. Utapiamlo mkali ukapungua. Lakini udumavu haukung'oka. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 57 hivi ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, hali wastani wa nchi ni asilimia 30.

Lawama isitupwe juu ya mimea. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini. Maharage yana laisini ya kutosha, na upungufu wa maharage hufidiwa na nafaka. Ndiyo maana kande, mahindi na maharage katika chungu kimoja, ni mlo wa akili hata kama mpishi wake hakusoma kemia. Lakini ugali mwingi wenye mboga kidogo ni ndoa iliyokimbiwa na mmoja wa wanandoa. Mtoto hupata taabu zaidi, kwa kuwa tumbo lake ni dogo: uji mzito humjaza mapema, na uji mwepesi humpa maji. Tena kuna vitu, kama vitamini B12, ambavyo mimea haina. Maziwa, yai au dagaa kidogo huvileta.

Dawa moja ilikuwapo katika nyumba za pombe tangu zamani. Ulezi ulioota na kusagwa, yaani kimea, una vimeng'enya vinavyovunja wanga. Kijiko chake kimoja hulainisha uji mzito, ili mtoto anywe unga mwingi bila kuongezewa maji mengi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini waliuchunguza ujuzi huo na kuutangaza kwa akina mama.

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani. Ng'ombe wamekwisha kurudi Usangu na Rungwe, na nyama ingali na heshima yake arusini na matangani. Lakini mtoto wa Iringa halishwi na arusi. Hulishwa na chungu cha kila siku. Na chungu hicho, kikirudishiwa kunde, maharage, mnafu na ulezi wake, kina uwezo wa kumshibisha na kumkuza pia.