Aliyeshona Matanga ya Liberdade

Mtajie Joshua Slocum mtu yeyote anayependa vitabu vya safari, na jambo la kwanza atakalokuambia ni kwamba alisafiri peke yake. Ni kweli. Kati ya Aprili 1895 na Juni 1898, nahodha huyu mzaliwa wa Nova Scotia, Kanada, aliizunguka dunia kwa mashua yake, Spray, bila mwenzi wala baharia. Hakuna aliyemtangulia katika hilo. Lakini miaka saba kabla ya hapo alifunga safari nyingine, kutoka Brazili hadi Marekani, na humo hakuwa peke yake hata kidogo. Alikuwa na mkewe Hettie.

Tuanze na fungate, kama tunaweza kuiita hivyo. Walioana Boston tarehe 22 Februari 1886. Slocum alikuwa na miaka 42, mjane mwenye watoto. Hettie, binamu yake, alikuwa na 24. Siku sita tu baadaye wakatweka kutoka New York kwenda Montevideo kwa jahazi kubwa la Slocum, Aquidneck, pamoja na wana wawili wa mke wa kwanza, Victor na Garfield.

Mikosi ikaongozana. Kipindupindu kilipozuka Argentina, Brazili ilikataa kupokea shehena yao. Mwaka 1887 baadhi ya mabaharia wakamvamia nahodha usiku. Akawapiga risasi wawili, mmoja akafa, na mahakama ikamwachia huru. Ikaja ndui, ikaua mabaharia. Mwisho, Desemba 1887, Aquidneck ikakwama kwenye fungu la mchanga katika ghuba ya Paranaguá, ikavunjika. Bima haikuwapo.

Hebu fikiria: uko nchi ya ugenini, huna chombo, na mfuko umetoboka. Slocum akaamua watajenga mashua na kurudi nayo nyumbani. Wakatumia mabaki ya Aquidneck na mbao za msitu wa pale. Ilitoka na urefu wa futi 35 na upana wa futi saba na nusu, milingoti mitatu kwa mtindo wa Kichina. Victor alisaidia useremala. Matanga aliyashona Hettie.

Mashua iliteremshwa majini tarehe 13 Mei 1888, siku ileile Brazili ilipofuta utumwa kwa sheria. Waliokuwa wakitumikishwa huko walikuwa wazao wa Waafrika, au Waafrika wenyewe, wakiwamo waliotolewa Msumbiji, pwani yetu hii ya mashariki. Slocum akaiita mashua Liberdade, yaani Uhuru.

Waling'oa nanga tarehe 24 Juni. Muda si muda, dhoruba ikararua matanga, wakajikokota hadi Santos. Kutoka hapo meli ya moshi iliwavuta hadi Rio de Janeiro. Hettie na Garfield walipanda melini. Slocum na Victor walibaki ndani ya Liberdade iliyokuwa ikirukaruka nyuma, shoka likiwa tayari kukata kamba mambo yakiharibika. Rio walipata matanga mapya, wakaendelea bandari kwa bandari: Bahia, Pernambuco, kisha Barbados na Puerto Rico. Mtu wa pwani anajua thamani ya usiku wa bandarini baada ya siku kadhaa za mawimbi. Unapika bila sufuria kukukimbia, unalala pasipo kushika kitu. Tarehe 28 Oktoba waliiona ardhi ya South Carolina. Safari ya zaidi ya maili 5,000. Mwezi Desemba wakafika Washington.

Sasa, swali langu ni hili: uhuru wa nani? Kwa Slocum jibu ni rahisi. Chombo kilimrudishia heshima, na mwaka 1890 alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo kwa gharama zake mwenyewe. Humo anayasifu matanga ya mkewe, lakini anapita haraka. Tunajua kila bandari. Tunachokosa ni jinsi bibi harusi yule alivyoishi karibu miaka mitatu ya kipindupindu, risasi, ndui na kuvunjikiwa na chombo, akiwalea watoto wa mwenzake aliyetangulia.

Jibu lake tunaliona katika alichofanya baadaye. Slocum alipoondoka na Spray mwaka 1895, Hettie alibaki nchi kavu. Wanahistoria wengi wanaisoma safari ile kama ushujaa wa mwanamume aliyechagua upweke. Mimi naona kwamba upweke ule ulikuwa na watu wawili waliouamua: mmoja alitaka kwenda, na mwingine, aliyekwisha kuonja bahari hadi ikamkinai, alikataa. Kukataa huko hakukuandikiwa kitabu. Ila ukifungua hadithi ya Spray, soma neno "peke yake" taratibu, na umkumbuke mwanamke aliyeshona matanga ya safari iliyotangulia, na ambaye hakutaka kushona tena.